Kwaheri Bwana Ridha, Msoma Namba Zilizozikwa na Rangi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuinama, Bwana Ridha Ame Nyange amenyooka. Tarehe 30 Juni alistaafu rasmi kazi ya ukaguzi wa vyombo vya moto katika ofisi yetu ya Wete. Anayeandika haya ni mimi, Rahila, niliyekaa naye chumba kimoja na kunusa mafuta yake ya taa kuliko ninavyonusa udi nyumbani kwangu.

Kabla ya kuajiriwa alikuwa fundi wa baiskeli kwao Konde. Na kuna jambo lazima nilitoboe mapema, maana mwenyewe hatalisema: mkaguzi wetu wa pikipiki hakuwa amepanda pikipiki hata mara moja. Kazini alikuja kwa gari la abiria, na ukimuuliza sababu hujibu kwamba kupanda magurudumu mawili yenye moto ni kujitakia. Tulimcheka sana, naye akatuacha tucheke.

Lakini mleteeni pikipiki kuukuu iliyopotea namba ya fremu, ile inayogongwa shingoni chini ya usukani, hapo ndipo mtamjua. Hapa Pemba namba hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi. Wa pili ni sisi wenyewe, kwani Sikukuu ikikaribia kila mtu huipaka pikipiki yake rangi iliyobaki kwenye mashua au milango, fremu nzima, bila kubakisha pa kuweka ukucha. Pikipiki ikifikisha umri inakuwa na tabaka kama mkate wa kusukuma. Bwana Ridha alizibandua kwa msasa na mafuta ya taa, kisha akapaka chaki na kufuta taratibu mpaka tarakimu zibaki nyeupe. Akiwa kazini hakutaka maneno ya mtu, isipokuwa yake mwenyewe, na hayo hayakwisha.

Ofisi nzima inaikumbuka Honda ya marehemu Mzee Hija wa Makangale. Mjane wake, Bi Moza, alikuja kuiandikisha kwa jina lake, kwani ndiyo iliyokuwa ikiweka chungu jikoni: mwanawe Yussuf aliitumia kupeleka ndizi na muhogo sokoni Konde. Nyuma yake akaingia shemejiye, Bwana Abdulnasir, akidai pikipiki ni yake, alimwazima kaka yake, na kwamba kadi aliyoshika Bi Moza ni ya pikipiki nyingine iliyokwisha kuuzwa. Namba ingesema kweli, lakini shingo ilikuwa imefunikwa kijani kitupu. Bi Moza hakulia, ila roho ilituuma kwa ajili yake.

Bwana Ridha hakugusa msasa. Aliwaita mmoja mmoja pembeni, akawaomba wamtajie rangi zilizo chini ya kijani. Bwana Abdulnasir alisema chini ya kijani ni nyekundu ya kiwandani, basi. Bi Moza alitaja buluu ya milango waliyopaka harusi ya binti yao, halafu akajifunika mdomo kwa mtandio. Ilibidi Bwana Ridha ambembeleze. Mwisho akanong'ona kwamba chini ya buluu kuna waridi. Marehemu alikosea kopo dukani, akapaka usiku bila kuangalia, akaenda Konde mara moja tu. Alivyochekwa, aliporudi aliipaka upya kabla hata hajala.

Basi kazi ikafanyika barazani, watu wamejaa. Kijani kikatoka, buluu ikatoka, na chini yake likachomoza waridi kama la kanga ya bibi harusi. Namba nayo ikaja, ikalingana na kadi, ila tarakimu mbili za mwisho kutu ilikuwa imeshazila. Wala hazikuhitajika. Bwana Abdulnasir alilitazama lile waridi, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, kwani siku ile pale Konde yeye ndiye aliyemcheka kaka yake kuliko wote. Alikiri mbele yetu kwamba amechanganya: hii ya waridi ndiyo ya kaka yake, na aliyomwazima ni ile iliyouzwa. Akamwomba shemejiye radhi, na Bi Moza akarudi Makangale na pikipiki yake. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Tangu hapo Bwana Ridha alikuwa akimwelekeza kila mwenye pikipiki aache mahali padogo shingoni bila rangi, apapake mafuta ya nazi tu. Watu wa Makangale na Konde wamepaita dirisha la Ridha, na mafundi huuliza kabla ya kupaka kama dirisha liachwe kubwa au dogo.

Siku ya kumuaga, Bi Moza alimtuma Yussuf na ile Honda aje amchukue mzee mpaka mlangoni kwake. Sote tulitoka nje kutazama. Bwana Ridha aliizunguka, akavua miwani, akaifuta, akainama shingoni, akaisoma namba mpaka mwisho pamoja na zile mbili zilizogongwa upya kwa idhini. Kisha akafumba macho, akapiga bismillahi, akapanda.

Ahsante, Bwana Ridha. Mungu akupe afya na umri wenye baraka, na safari zako zote ziwe nyepesi. Yussuf anasema hukufumbua macho mpaka Konde.