Ekari ya Kumi na Tatu

Sikilizeni, wanangu, na mkae chini, hata wewe Jotham, usinisimamie mlangoni kama askari. Leo kifua kimenipa nafasi ya kusema. Wanyonyi, wewe ndiye mkubwa, niinue mgongo kidogo. Nelima, binti yangu, acha kulia kwanza, muda wa hiyo uko.

Shamba hili la hapa Kitale ni ekari kumi na mbili. Nilitoka Bokoli nikiwa kijana, nikaendesha trekta za watu miaka kumi na tisa ndipo nikalipata, na kila ekari nimeipima kwa miguu yangu, hatua sabini kwa sabini. Wanyonyi alipotahiriwa nilisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba nusu ni yake. Zamu ya Jotham ilipofika nikasema thuluthi ni yake. Neno ambalo baba amelisema siku kama hiyo, kijana akiwa bado na kidonda, halirudi mdomoni, na mimi sikutaka lirudi.

Halafu mwaka wa 1997 Nelima akarudi kutoka Myanga, kwa yule bwana aliyemvunja mkono, na mtoto wake Fridah mgongoni. Sikuuliza mtu, nilichukua kalamu. Mnajua niliacha shule darasa la pili, lakini hesabu nilijigamba nazo kila mahali. Nikaandika nusu, nikaandika thuluthi. Moja na moja, mbili. Mbili na tatu, tano. Mbili juu ya tano. Nikajiambia, kumbe nimegawa vipande viwili kati ya vitano, vitatu bado viko, robo itanishindaje? Nikaita wazee, nikampa Nelima robo na kumpandia katani ya mpaka kwa mkono wangu, naye akajenga. Wazee wakapiga makofi. Tulikuwa watu tisa wazima na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Mtaniuliza, si ungehesabu tu ekari, sita na nne? Ni kiburi, wanangu. Karatasi ilinipa jibu nililolitaka, nikaacha kuuliza miguu yangu.

Mwaka jana mlipomleta saveya akapima, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, sita, nne na tatu ni kumi na tatu. Hiyo moja iko wapi?" Nikamwambia apime tena. Akapima tena. Nyumba ya Nelima iko ndani ya ekari nne za Jotham.

Ni Fridah aliyenifundisha, akiwa darasa la tano. Alichora vyumba kumi na viwili hapo nje kwa kijiti, akaniambia, "Kuka, babu yangu, huwezi kujumlisha nusu na thuluthi hivyo. Kwanza ukate vipande vitoshane, ndio uhesabu." Akajaza sita, akajaza vinne, vikabaki viwili. Yaani nilikuwa nimejumlisha nusu na kitu kingine nikapata jibu dogo kuliko hiyo nusu yenyewe, na kwa miaka kumi na moja sikuona. Nililia mbele ya mjukuu wangu, sifichi. Sasa najua kujumlisha, na kujua huko hakujaongeza hata hatua moja ya udongo.

Nimewaomba mara nyingi, naomba tena. Wanyonyi, toa nusu ekari. Jotham, toa nusu ekari. Dada yenu apate tatu zake kama nilivyosema, abaki pale alipo. Najua utasema, Jotham, kama ulivyosema wakati wa kupanda, ati thuluthi ni thuluthi. Ni kweli. Kosa ni langu, lakini analipa yeye. Nimesikia pia umeshaongea na mwenye trekta, aje kulima pale matanga yakiisha.

Wanyonyi unaangalia sakafu. Haya.

Nizikeni kando ya mama yenu. Msichinje ng'ombe wawili, mmoja anatosha. Redio mpeni Fridah. Wazee wakiuliza, waambieni nilikosea, msiseme nililogwa.

Maji... kidogo. Inatosha.

Nelima, usingoje matanga. Kesho asubuhi uite fundi, mshushe mabati. Ni ishirini na nne, umeyanunua kwa sukuma wiki ulizobeba kichwani. Mshushe na milango, na zile mbao za dari. Nikiwa bado napumua hakuna wa kukuzuia hapa. Nikishafumba macho, hata msumari utaambiwa ni wa shamba, na zile ekari mbili zilizobaki hawatakuachia. Uende Kanduyi, ukapange chumba, Fridah asome.

Wanyonyi, nakubariki. Jotham, nawe nakubariki, kwa sababu wewe ni mwanangu, si kwa sababu umenisikia. Mungu awape watoto... wapole kuliko ninyi.

Nelima. Anzieni upande huu wa kwangu. Polepole, hata kama... Nataka nisikie nyundo. Nijue umetoka na kitu.