Mkono Usio na Mapigo

Amani iwe kwenu, wajane wenzangu. Mimi si msemaji. Mkiona nimenyamaza katikati, nisubirini.

Tulirudi kwetu Gasorwe kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi, mume wangu na watoto. Shamba la baba yake tulilikuta limekuwa pori. Hatujamaliza kulifyeka, homa ikamchukua. Nilimwosha mwenyewe. Baridi ya mikono yake naijua hadi leo.

Ndugu zangu, desturi mnaijua: mjane hashiki jembe kabla ya kuganduka, siku ile ya kuondoa msiba. Lakini mvua ya maharage ilikuwa inapita na watoto hawana chakula. Nikalima. Nikishuka kilimani nikateleza, nikaangukia mkono wa kulia, bega likatoka. Fundi wa mifupa akalivuta, likarudi. Nikashukuru.

Ila mkono ukapoa. Vidole vikapauka, vikafa ganzi. Wifi yangu aliushika, akauachia upesi.

"Nyinyi mliolelewa Tanzania hamjui miiko," akasema. "Marehemu ndiye amekushika."

Nikaamini. Nililala nikingoja baridi ile ipande begani, ifike moyoni, anichukue. Kilichonizuia ni watoto tu: nani atawalimia? Hata hilo likaanza kufifia.

Mama mmoja wa Kiislamu, muuza vitenge sokoni (yupo hapa, msimtazame), alikuja kunipa pole. Akanishika vifundo vya mikono. Kushoto aliyapata mapigo. Kulia akatafuta, akatafuta.

"We mama, mukono hii haipigi. Iko baridi kama samaki ya ndagala ya jana!"

"Marehemu amenishika."

"Marehemu iko na mapumuziko yake, umuache. Simama, twende."

Nikacheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka.

Hospitali ya Muyinga ikatutuma ile kubwa ya Gitega. Daktari alinichorea kwa kidole juu ya ngozi yangu: mshipa mkubwa wa damu hupita chini ya mfupa wa mtulinga, ukaingia kwapani, ukashuka mkononi. Wangu ulichanika bega lilipotoka, damu ikaganda, njia ikaziba.

"Mbona mkono haujaoza?" nikauliza.

Akagusa mgongo wangu, kwenye bapa la bega. Akasema hapo pana mishipa midogo inayotoka juu ya palipoziba, ikazunguka nyuma na kuungana na mingine ya chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipitisha damu kidogo kidogo. "Lakini haitoshi. Ungekaa zaidi, tungeukata."

Walitoa kipande cha mshipa mguuni, wakakiunga kwapani. Nilipoamka vidole vilikuwa vinawaka kama moto. Nikajua hakuna aliyenishika. Nawaambia ukweli, hapo ndipo nilipomlilia mume wangu hasa. Kumbe ile baridi nilikuwa naipenda kidogo.

Vidole viwili havisikii mpaka sasa. Jembe nalishika polepole. Nyinyi mlinipalilia maharage wakati ya kwenu yanangoja, na huyu mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu Gitega. Sina neno la kutosha. Asanteni.

Mtu akiumia bega na mkono ukapoa, msimuulize amevunja mwiko gani. Tafuteni mapigo, kisha mkimbizeni hospitali.

Na leo mkitoka, nisalimieni kwa mkono wa kulia. Wekeni kidole hapa, chini ya gumba. Ngojeni kidogo. Unapiga.