Bi Sponji Anatuachia Masikio Yetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa ya kufunga kazi, Bi Sponji atakabidhi funguo za stoo ya vifaa vya kinga baada ya kukaa nazo miaka ishirini na tisa. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na mwenye haja nalo akaliangalie huko. Sisi wa kiwanda cha misumari tunamjua kwa hili la Sponji, nalo alilipata kihalali. Ni yeye aliyetuchagulia, karibu miaka yote hiyo, vile vizibo vidogo vya sponji tunavyoviviringisha kwa vidole na kuvitia masikioni kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa.

Kwa wageni watakaokuja kwenye hafla bila kuwahi kuingia ukumbi wa mashine, maelezo kidogo. Mashine ya misumari humeza waya upande huu, huugonga kichwa, huukata ncha, kisha hutema msumari upande wa pili, na haina habari ya kupumzika. Zipange safu nzima chini ya paa la bati, ndipo utaelewa kwa nini wazee wa kiwanda hiki wakipiga simu nyumbani, majirani nao hupata habari zote. Kelele ile haikuumizi siku hiyo hiyo. Inalila sikio polepole, na sikio likishaliwa limeliwa.

Bi Sponji alipoajiriwa, mambo ya masikio yalikuwa kila mtu na lake. Wapo waliotia pamba. Wapo waliotafuna kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji wakakisokomeza. Mmoja, ambaye leo ni babu mwenye heshima zake na atakuwepo Ijumaa amekaa mbele, alitia punje za mahindi, na moja ikagoma kutoka mpaka akapelekwa kwa muuguzi akitembea ameinamisha kichwa upande. Baadaye vikaja vile vifuniko vikubwa vya kuvaa kichwani. Vilikuwa vizuri sana, ila joto la ukumbi ule mnalijua au mmelisikia. Asubuhi vilikuwa masikioni, kabla ya chai viko shingoni, na mchana vimetundikwa. Bi Sponji alimwambia meneja kwamba kwa hali ilivyo, anayelindwa vizuri kuliko wote hapa kiwandani ni ukuta.

Ndipo tukaanza kutumia vizibo vya sponji, vya kuvaa na kutupa. Katoni ya kwanza ilichaguliwa na afisa ununuzi wa wakati ule, mtu mwema sana, ambaye alichagua vizibo kama mtu anavyochagua feni: alitazama namba kwenye boksi akachukua iliyo kubwa kuliko zote. Namba ile inaonyesha kizibo kinapunguza kelele kiasi gani, na hakuna aliyemlaumu. Kwenye mashine vilifaa kwa wenye masikio makubwa. Sisi wa upakiaji, ambako kelele ni ya wastani, tukawa kila mtu yuko peke yake duniani. Foklifti ilirudi nyuma ikipiga honi, nasi tunatabasamu. Ilirudi tena, nasi tunafunga katoni. Mama mmoja mpakiaji aligundua mnara wa katoni umeanguka pale alipoona misumari juu ya viatu vyake. Hakuna aliyeumia, lakini Bi Sponji alikuja juu siku ile! Alisema kizibo kinachokuzuia usisikie gari nyuma yako si kinga, ni mtego. Tangu hapo upakiaji tuna vyetu, vyenye namba ndogo, na wa mashine wana vyao.

Suala la rangi nalo lilikuwa na vituko vyake. Mwaka mmoja tulipata vizibo vya kahawia, vizuri, laini, na rangi yake ilikuwa ile ile ya masikio yetu. Msimamizi akashinda anatuchungulia masikioni mmoja mmoja kujua nani amevaa na nani anadanganya, mpaka shingo ikamkaa upande. Halafu vikidondoka havionekani. Fundi seremala mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja ofisini na kizibo kiganjani akauliza kwa adabu zote kama huo ni msumari mpya wa mbao laini. Mbavu hatukuwa nazo. Bi Sponji hakucheka hata kidogo, na wiki iliyofuata vikaja vya rangi ya machungwa ambavyo hata ukidondosha kimoja ndani ya pipa la misumari kinakuita chenyewe. Vile vyenye kamba aliwapa watu wa ofisini na wageni tu. Wa mashine aliwakatalia katakata, kwa sababu kamba shingoni na mashine inayovuta waya havipaswi hata kufahamiana.

Kuhusu usafi, huyu mama hana dogo. Kizibo kinaviringishwa kwa vidole, na vidole vikiwa na grisi, grisi inaingia sikioni. Alisimama mlangoni pa ukumbi kila asubuhi akikagua mikono kama mwalimu wa darasa la kwanza. Siku moja mkurugenzi mwenyewe alifika na wageni wenye tai, akanyoosha mkono apewe vizibo. Bi Sponji aliutazama ule mkono, akautazama tena, akamwelekeza kwenye bomba. Mkurugenzi alinawa. Wageni nao wakanawa, wengine mara mbili. Kisha akawafundisha wote kama anavyotufundisha sisi: viringisha mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu, tia, halafu kishikilie kwa kidole mpaka kijae. Sauti yako mwenyewe ikianza kukujia kama unaongea ndani ya pipa, basi kimekaa. Ule msafara mzima ukasimama pale kimya, vidole masikioni, ukimtazama mama wa stoo.

Sasa tuje kwa shemeji. Mume wa Bi Sponji ni fundi cherehani, mpole, hana makuu. Lakini akilala chali kwenye sofa Jumapili baada ya chakula, vikombe kabatini vinaitikia. Bi Sponji aliliona hilo kama neema. Kila sampuli iliyoletwa na mawakala aliipeleka nyumbani, akavivaa vizibo, akavuta kiti karibu na mume wake akasikiliza. Kilichoruhusu mkoromo kupita hakikufika kiwandani. Shemeji alipojua kwamba amekuwa kifaa cha kampuni hakukasirika. Alidai tu apewe ovaroli kama wafanyakazi wengine.

Kipimo hicho kilitusaidia miaka mingi, mpaka alipokuja wakala mmoja mcheshi na vizibo vya zambarau. Jumapili ile Bi Sponji alivivaa, akakaa, akasikiliza. Kimya. Akasogeza kiti. Kimya kabisa. Jumatatu alifika kazini anang'aa, akavisifu vile vizibo mbele ya kila mtu, na katoni zikaagizwa. Siku ya kwanza kuvivaa tulisikia mashine zote, tukasikia foklifti, na msimamizi tukamsikia mpaka anavyoguna. Bi Sponji alirudi nyumbani kuchunguza, na ukweli ukajitokeza: Jumapili ile shemeji alikuwa na jipu mgongoni. Alilala ubavu. Na akilala ubavu, baba wa watu hakoromi! Mke wake hakuwahi kulijua hilo kwa sababu hajawahi kumwona amelala hivyo. Kesho yake alisimama mbele yetu asubuhi, akasema bila kupindisha kwamba kosa ni lake na la jipu la mume wake, akakusanya vizibo vyote vya zambarau kwa mikono yake. Shemeji akastaafishwa kazi ya upimaji kwa heshima na kofia moja ya kampuni, anayoivaa hadi leo. Kuanzia hapo, sampuli zinajaribiwa na sisi wenyewe, kila kitengo na watu wake, wenye masikio madogo na makubwa, kwenye kelele yetu wenyewe. Tukisema kinauma, kinarudi kwa mwenyewe.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye alimshinda, na hapa vicheko vyetu vilikuwa vinakoma. Fundi Nyundo, fundi mkuu wa mashine, ni mdogo wake, wametoka tumbo moja. Ni Bi Sponji aliyemleta kiwandani alipomaliza chuo cha ufundi, akamwombea kazi kwa mdomo wake. Fundi Nyundo hakutaka vizibo. Dada akipita, amevaa. Dada akigeuka, vimo mfukoni. Alisema yeye anaisikiliza mashine, kwamba kisu kikianza kuwa butu mashine inabadilisha sauti, na ukiziba masikio utaijuaje. Na kweli alikuwa anajua, hakuna aliyebisha. Tatizo ni kwamba kila mwaka muuguzi anatupima masikio, na kila mwaka la kushoto la Fundi Nyundo lilikuwa linashuka. Mwaka juzi muuguzi alimweleza wazi: likishuka tena, anaondolewa kwenye mashine anapelekwa kukaa getini. Fundi Nyundo getini! Mtu anayeziaga mashine zake kabla ya kwenda likizo.

Bi Sponji alijaribu kila njia. Alifoka, akanuna, akaacha kumsalimia. Mwisho akamshtaki kwa mama yao mzazi, na mama akapiga simu saa ya chakula, ikawekwa sauti kubwa katikati ya kantini, watu wote vijiko hewani. Fundi Nyundo alijitetea kwamba simu haisikiki vizuri, utetezi ambao haukumsaidia chochote. Tulicheka wee. Lakini jioni ile tulimkuta Bi Sponji stooni amekaa kati ya maboksi, uso umemshuka. Alisema analinda masikio ya watoto wa watu kiwanda kizima, na huyu wa mama yake, aliyemleta mwenyewe hapa, anakuwa kiziwi mbele ya macho yake. Alisema inamuuma na haoni afanye nini.

Kesho yake alibadili mbinu. Hakusema habari ya mashine wala kisu. Alimwita mdogo wake stooni, akamsimamisha mbele yake, akamwambia avitie vizibo mwenyewe, yeye akabaki kumtazama usoni tu. Cha kulia kiliingia vizuri. Cha kushoto kilipoanza kujaa, Fundi Nyundo akafumba jicho moja na chozi likamtoka. Bi Sponji akachukua tochi, akamshika sikio kama mtoto, akachungulia. Jamani! Tundu la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia. Miaka yote hiyo alikuwa anasokomeza kizibo kikubwa kwenye sikio dogo, kinamuuma kama jino, naye anaona aibu kusema. Mtu anayeokota misumari ya moto kwa mkono mtupu atakirije kwamba ameshindwa na kipande cha sponji? Ya mashine yalikuwa kweli, lakini yalikuwa pia ya kujifichia. Dada mtu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akampiga kofi la bega.

Akampa kikubwa cha machungwa kulia, kidogo cha kijani kushoto, na vyote si vile vya namba kubwa kuliko zote, bali vinavyoishusha kelele na kuiacha mashine isikike. Siku chache baadaye Fundi Nyundo alianza kututangazia kwamba kisu kikiwa butu anakisikia vizuri zaidi sasa, kwa sababu makelele mengine hayakifuniki tena. Alitangaza kama vile kagundua yeye. Kila mtu akaenda kupimwa upya, na wapo wengi tuliokutwa na masikio yasiyolingana. Ndiyo maana mgeni akiingia ukumbini anaona watu wana rangi mbili kichwani, anadhani kuna sherehe.

Swali lilibaki kwenye vipimo. Mwaka jana sikio la kushoto halikushuka, lakini muuguzi alisema mwaka mmoja hautoshi kumhakikishia nafasi yake, tusubiri wa pili. Wa pili ni mwezi huu. Bi Sponji alitutangazia kwamba hakabidhi funguo kwa mtu yeyote kabla majibu hayajatoka, na uongozi, kwa busara zake, haukubishana naye.

Majibu yalitoka Jumanne. Tulikuwa kazini, mashine zote zinapiga. Fundi Nyundo alitoka chumba cha muuguzi, akakatiza ukumbi mzima bila kutazama mtu, akasimama mbele ya dada yake. Kusema kusingesaidia kitu mle ndani. Akanyoosha kiganja, bapa, akakivuta polepole hewani kuelekea kulia, sawasawa, bila kukishusha hata kidogo. Halikushuka. Anabaki kwenye mashine zake. Bi Sponji akamwashiria arudie. Akarudia. Akamwashiria tena, naye akarudia tena. Hapo ndipo dada yetu alipojiachia juu ya katoni ya misumari, akaangua kilio, kile cha mdomo wazi, mabega yanaruka.

Sasa sisi, kwa kuwa ni watu wa kupenda kujua, safu nzima tukachomoa vizibo tumsikie analiaje. Mashine zinanguruma. Bi Sponji akainua macho, akaona vizibo vyote viko mikononi. Aliruka pale kwenye katoni, machozi yanamtiririka, kidole juu, akatufuata mmoja baada ya mwingine mpaka kizibo cha mwisho kikarudi mahali pake. Akatukagua tena kutoka mwanzo. Kisha akarudi kwenye katoni yake, akakaa, akaendelea kulia.

Bi Sponji, asante. Tunasikia bado, na ni kwa sababu yako. Tunakuombea uendako afya, amani, na siku ndefu zenye utulivu.