Folda Yenye Jina la Rumyana

Benchi la mlango B wa jengo la ghorofa lina msumari unaorarua sketi, na Rumyana anajua pa kukaa. Ni Septemba, mji mzima wa Plovdiv, Bulgaria, unanuka hoho za kuchoma. Kesho mumewe Lyuben anatimiza miezi sita kaburini, na kwa desturi ya huko karatasi yake ya kumbukumbu lazima ibandikwe mlangoni, yenye picha. Picha anayoitaka, ile anayocheka, imo kwenye laptopu iliyo mapajani mwake. Tatizo, marehemu aliunda kompyuta pepe humo ndani, kompyuta ndani ya kompyuta, kwa ajili ya programu yake ya picha ya enzi za kale. Picha inaonekana. Kutoka haitoki. Kulia kwake yuko Antena, fundi redio mstaafu. Kushoto Profesa, aliyeendesha lori na hakosi jibu.

— Ikokote hadi nje ya dirisha, shemeji, alisema Antena.

— Nimekokota. Inafika ukingoni, inagoma.

— Huo ni mpaka, akadakia Profesa. Mpaka haupitwi bila mhuri. Tafuta forodha.

— Forodha ndani ya laptopu, wewe?

— Hiyo ya ndani haijui kuwa iko ndani. Inajiona kompyuta kamili, kama wewe unavyojiona fundi.

— Basi tuchomoe betri, izinduke.

— Atakayegusa betri namvunja vidole, Rumyana alisema taratibu.

— Piga picha skrini kwa simu, alisema Profesa.

— Nimepiga. Lyuben ametoka na mistari kama godoro.

— Si uweke ile ya kitambulisho, shemeji?

— Kwenye kitambulisho amenuna. Sibandiki mlangoni mtu nisiyemjua.

Wakanywa kahawa ya mashine. Iva wa ghorofa ya tatu, aliyehamia juzijuzi, akasimama na beseni lake la hoho.

— Samahani. Yeye mwenyewe alikuwa anazitoaje?

Profesa akakohoa.

Rumyana alijua pale asipotaka kutazama. Kwenye kompyuta ya nje kulikuwa na folda yenye jina lake. Miezi sita aliikwepa.

— Nilidhani ni barua ya kuniaga, alisema. Nikishaisoma, ndiyo basi tena.

Iva akaketi, juu ya msumari. Hakulalamika.

— Tuifungue sote, mama.

Ilikuwa tupu. Iva akamwelekeza arudi kwenye kompyuta ya ndani. Nako, miongoni mwa diski zake, kulikuwa na folda yenye jina lilelile.

— Ni hiyohiyo moja. Kompyuta zote mbili zinaitumia. Ukiweka picha huku, unaikuta kule.

Rumyana akaiweka. Nje, kwenye ile folda tupu, Lyuben akatokea anacheka, shavu limevimba kwa tunda la plamu.

— Mimi ningeiita Forodha, Profesa akanong'ona.

— Kwani kwa nini aliipa jina lako? Iva akauliza.

Rumyana akapeleka kikombe mdomoni, kikamfunika uso. Kahawa ilikuwa imekwisha zamani, naye hakukishusha.