Taa Nyekundu Kifuani

Katika basi la kurudi Chamonix, mji wa milimani, Solange, muuza mikate, alibanwa nyuma ya wateleza theluji wawili wasiojuana, dada na kaka, waliotoka mashindanoni.

"We kaka, taa yako inawaka," dada akasema, akiashiria kile kifaa kinachoita waokoaji mtu akifukiwa na theluji. Mwenzake alikivaa kifuani, koti wazi. "Mlima tumeshashuka. Kizime, betri itakwisha."

"Nitakizima nyumbani."

"Kwani basi nalo litafukiwa?"

Solange akacheka kimoyomoyo. Mwanamume hakucheka.

"Rafiki yangu alikizima chake mgahawani kule juu, tukinywa kahawa. Eti anaokoa betri. Kutoka, akasahau kukiwasha. Theluji ikaporomoka, ikamfukia. Tulimchimba kwa kubahatisha hadi giza likaingia."

"Pole, kaka. Sasa si uache mashindano?"

"Niache nikaoke mikate?"

Kana kwamba mikate hujioka, Solange akawaza.

"Nimechoka, dada. Ila wewe ungeacha?"

Basi likasimama. Dada aliinama kuchukua ubao wake wa kuteleza, koti likafunguka, na Solange akaona taa nyekundu ikimetameta kifuani mwake pia.