Aliyeshika Mwiko Wangu

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, mchana jua kali. Leo kikundi chetu cha kina mama kilinitaka niseme yaliyonipata. Nayaandika nilivyoyasema, ingawa sijui kama nilieleweka.

Kina mama wenzangu, hapa mtaani kwetu Chumbageni harusi zote mwiko wa pilau niliushika mimi. Akahamia mama mmoja kutoka Pemba. Harusi moja akaombwa asaidie, iliyofuata akaombwa apike, mimi nikapewa kumenya vitunguu. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile sikulizwa na vitunguu. Nilionja pilau lake nikitamani liwe limeungua. Simdhulumu, lilikuwa zuri.

Harusi ya tatu nikasema naumwa. Nikasahau kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Walipomaliza kupakua wakaja wote kunijulia hali, yeye mbele, kabeba uji wa pilipili manga. Nikajifunika kanga, nikaunywa.

"Pole, dada. Wapi panauma?"

"Kila mahali." Hapo sikusema uongo.

"Mie pia naumwa tangu asubuhi, naumwa na woga. Wewe ukizidisha chumvi watasema umechoka. Mie nikizidisha watasema, Mpemba huyo. Sina mlango wa kuingilia kwenu ila sufuria."

Walipoondoka, binti wa kaka yangu, anayesoma elimu ya jamii chuoni, akanicheka, maana alijua ninaumwa na wivu. "Shangazi, mbona humwonei wivu mke wa waziri?"

"Namjua wapi?"

"Ndiyo hivyo. Mtu hujipima na wa karibu, anayefanana naye. Na mwiko ni nafasi tu. Watu walikupa, na watu wanaweza kumpa mwenzio. Wewe hupungui."

Sijasoma sana, huenda sikuyashika yote. Lakini kesho yake nilimwendea yule mama, nikamwambia sikuwa mgonjwa.

"Nilijua," akasema. "Mgonjwa gani anakomba bakuli?"

Nawashukuru nyote mliokuja kuniona, na binti yetu, na yeye mwenyewe, yumo humu, simtaji. (Wakacheka, wakamtazama.) Wivu haujaniisha. Ila siku hizi ukinijia najiuliza: namchukia mtu, au naililia nafasi?

Baada ya kikao tulipika pamoja na yule mama, mwiko kashika yeye, mimi moto. Jioni nyumbani nimekula ukoko niliorudi nao, ule wali ulioshika chini ya sufuria. Kwa desturi ni haki ya mwenye mwiko, lakini alinikatia nusu. Wakati anakata niliangalia sana kama nusu yake ni kubwa kuliko yangu. Zilikuwa sawa.