Mtoto wa Gidamis na Mpira wa Kikapu

Pale Katesh, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, kulikuwa na benchi moja mbele ya duka la ushirika lililokuwa halikosi watu. Jua likipungua tu, muuza kahawa anatua birika lake na wenyewe wanafika. Mwalimu Reginald wa shule ya msingi, mtu wa Moshi, waliyemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo alilokubali kutolijua. Thadei wa zahanati, jina lake la utani Dozi. Nikolausi dereva wa lori, aliyeitwa Gia Nne kwa jinsi maneno yake yalivyokwenda kasi. Siku moja ya mnada aliongezeka Mzee Gidamis wa kijiji cha Dirma, mrefu hata akiwa amekaa, fimbo katikati ya magoti. Hakuwa mtu wa kukaa pale. Siku nyingine za mnada hurudi mapema ili awahi ng'ombe wakiingia zizini.

Lakini leo alikuwa na jambo. Mwanawe Hermani alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya pale pale mjini, na mwalimu wa michezo alikuwa amemwita baba mtu akamwambia mkoa unamtaka kijana kambini Arusha, acheze mpira wa kikapu, na Mungu akipenda afike timu ya taifa. Jibu lilitakiwa jioni hiyo, mwalimu angepita hapo dukani kulichukua. Kijana akienda, hata likizo hataonekana nyumbani, na Gidamis hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kumgomea. Aliogopa, na wala hakuona aibu kuogopa. Kwa hiyo aliwauliza wenye benchi taratibu, kama mtu anayeuliza dawa ya mifugo.

— Ninyi mmesoma, mmetembea. Mtu akitaka kuwa mkubwa kabisa katika mpira huo, lazima awe na nini? Kama mtoto wangu hana, bora arudi tuchunge.

Profesa ndiye aliyeanza, nani mwingine. Alieleza kwamba mchezo ule ni hesabu tupu: mpira unapanda kwa pembe na unashuka kwa pembe, na asiyejua kupima pembe kwa macho atabaki kugonga ubao maisha yake yote. Kabla kikombe hakijapoa akawa ameshaingia kwenye siasa. Mchezaji wa kweli anagawa mpira. Anayeukumbatia peke yake ni bepari, hata kama amevaa kaptura.

— Nchi hii haitaki nyota mmoja, mzee. Inataka watano wanaopeana.

— Wote watano wakipeana tu, nani atafunga? aliuliza Gia Nne.

Profesa akasema hilo nalo ni swali la kibepari, akanyoosha kikombe aongezewe.

Dozi hakutaka pembe wala siasa, yeye alikuwa mtu wa mwili. Alisema kuruka si kazi, kazi ni kutua, na magoti ndiyo yanayomtoa mtu uwanjani mapema. Akasema pia kwamba aliyekulia chini ya Mlima Hanang ana mapafu mapana, akishuka chini atakimbia mpaka wenzake walale. Hapo alikuwa bado anasikilizika. Halafu akaongeza kwamba mikono nayo hurefushwa, kijana aning'inie kwenye boriti kila asubuhi huku amefungiwa debe la mahindi miguuni. Gidamis aliiangalia mikono yake mwenyewe.

Gia Nne akasema hayo yote ni ya vitabuni. Ujuzi mkubwa ni kuhadaa: unaangalia kushoto, unakata kulia, kama yeye anavyoyakwepa mashimo ya njia ya Balangdalalu. Na kijana aliyenyweshwa maziwa ya ng'ombe wanaolamba chumvi ya ziwani, mifupa yake inaruka yenyewe, haihitaji kufundishwa. Alijua, kwani alikuwapo kwenye mechi kubwa Arusha.

— Ulikaa upande gani? aliuliza Dozi.

— Nilikuwa nje ya ukuta, na lori. Lakini nilisikia kila kitu.

Ndipo naye Gidamis akaona achangie. Alisema mchungaji akiwa mbele ya kundi huwajua walio nyuma bila kugeuza shingo, na Hermani alikuwa hivyo tangu mdogo. Kama mpira unataka jicho la namna hiyo, analo. Wenzake walikubali kwamba hilo ndilo jambo la maana lililosemwa jioni ile, na mzee akajisikia vizuri kidogo.

Wakati huo Mwalimu Severina, aliyekuwa amehamishwa kutoka Songea karibuni, alitoka dukani na sukari yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Profesa akamweleza shauri lenyewe, kwa kirefu, pembe zote zikiwamo. Severina alisikiliza kwa adabu. Alikuwa amecheza kikapu chuoni, na lililomjia lilikuwa jepesi.

— Kwani anarushia mkono gani?

Profesa alimtazama Dozi. Gia Nne akasema wa kulia, lazima, kisha akaulizwa amejuaje, akakohoa. Ikabainika kwamba wanafunzi hucheza jua likipungua, saa ya kahawa, na uwanja wao ulikuwa nyuma tu ya duka. Katika wale watatu hakuna aliyewahi kufika.

Wote wakamgeukia baba. Gidamis alijua mkono ambao Hermani hurushia mkuki, na ambao hushikia kibuyu. Wa mpira hakuujua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu, maana kijana alikuwa mwaka wa tatu pale.

— Mwalimu, mtu anaruhusiwa kukaa pale akaangalia?

— Anaruhusiwa, mzee. Sasa hivi wapo.

Gidamis alisimama, akiegemea fimbo.

— Mimi ndama simchukui mpaka nimwone akitembea, alisema. Mtoto wangu nimekuja kumkatia shauri hapa, kwenye kahawa.

Akaomba mwalimu wa michezo akija aambiwe jibu bado, asubiri kidogo. Kisha akazunguka duka, akichechemea, kuelekea kule mpira ulikokuwa unasikika ukidunda.